Hodi ya Pili

Mama yangu akisusa, hata kuku wa jirani wanajua. Watu wengine hununa, wakakaa pembeni kimya, yakaisha. Mama ana ufundi wake. Atapita mbele yako akiburuza ndala, ataguna, atafungua kabati na kulifunga bila kutoa kitu, kisha atamwambia paka, si wewe, kwamba ukizeeka dunia hii unakuwa kama ufagio, unakumbukwa nyumba ikichafuka. Ukimuuliza, "Nay," yaani mama, "vipi?" atakujibu, "Hamna kitu." Ukimkaribisha chakula, "Sina njaa." Hapo ujue kazi unayo. Inabidi umfuate, umbembeleze, akukatalie, umbembeleze tena, akuseme kidogo, na mwishowe atakubali kijiko kimoja kwa ajili yako tu, si kwamba ana njaa. Kisha anamaliza sufuria.

Mimi, Gilda, sina subira hiyo. Nina kibanda cha chakula mbele ya lango la chuo, hapa Miagao, Ufilipino, na mwanafunzi akinisusia wali wangu namwambia sawa, nenda kanywe maji. Aliyeiweza kazi ya kumbembeleza mama ni mdogo wangu Marivic, na Marivic ni muuguzi Ireland, miaka mingi sasa. Kwa hiyo humu ndani tulibaki wawili, mama wa kususa na mimi wa kupiga kelele.

Ndipo akaja Venla.

Alitoka Finland, huko kwenye baridi, kusoma muhula mmoja hapa chuoni mambo ya nguo na nyuzi. Chuo kikamleta akae kwetu kwa sababu mama bado anafuma, na wafumaji wa umri wake wamebaki wachache. Msichana mrefu mpaka akawa anainama kwenye mlango wa jikoni. Na adabu! Adabu mpaka inachosha. Chumvi iko mbele ya pua yake, anaomba ruhusa kuichukua. Lugha yetu alijifunza kwenye vitabu kabla hajaja, kwa hiyo alizungumza kwa usafi ambao hata padri hana.

"Huyu mtoto kimya kama sanamu ya kanisani," mama alisema siku za mwanzo. "Nikimgusa naogopa atavunjika."

Lakini baada ya muda ungewakuta wawili hao chini ya upenu, mbele ya kitanda cha mfumi, wamekaa asubuhi nzima hawajasemezana hata neno, na wote wawili wana furaha. Mama akaacha kumwita Venla. Akamwita Inday, kama tunavyowaita mabinti wetu, na Venla akamwita Lola, bibi, na akawa anamaanisha. Siku ambayo mama alimwachia kufuma peke yake, kwenye patadyong ya kujifunga, ya mirabamiraba myekundu na kijani, binti alivuta uzi vibaya, mstari mmoja ukapinda. Akataka kufumua.

"Uache," mama akamwambia. "Mimi sijawahi kupinda mstari. Nikiuona huo nitajua ni wako."

Patadyong ile haikusemwa ni ya nani. Haikuwa na haja ya kusemwa. Mama alikuwa anaimaliza polepole, kwa macho yake mabovu, ili iwe tayari siku Venla anaondoka.

Basi, wiki ya kuondoka ikafika. Jumatano tulikuwa mezani, mchana, tunakula mbaazi na fenesi bichi na nyama ya nguruwe, chakula anachokipenda Venla kuliko vyote. Alikuwepo na jirani yetu Manong Esoy, yaani kaka Esoy, mjane, mwenye gari la abiria na tumbo lisilojua kushiba. Mama alikuwa anapanga safari ya Jumamosi.

"Esoy, unakuja asubuhi. Gari ulioshe. Mimi nakaa mbele. Gilda nyuma na masufuria, na wale wa nyumba ya kona wamesema wanakuja wote, na mwalimu wa kwaya, na..."

"Lola, hiyo ni harusi au uwanja wa ndege?" akauliza Manong Esoy.

"Wewe tafuna."

Venla akaweka kijiko chini, akafuta midomo vizuri. "Ninashukuru sana, Lola," akasema. "Lakini msijisumbue. Nimekwisha kuagiza gari dogo. Litanichukua hapa mlangoni. Ni mbali, na ninyi mna kazi. Hata kwetu, mama yangu hanipeleki. Ninakwenda mwenyewe tu."

Alisema huku anatabasamu, Mungu wangu, kama mtu anayetoa zawadi. Manong Esoy akabaki na mfupa mdomoni. Mimi nikatazama sahani yangu. Kwetu mtu haendi uwanja wa ndege peke yake. Msafiri asiye na wa kumsindikiza ni yatima, au ni mfungwa ndiyo kwanza katolewa. Watu huenda kumi na tano kumsindikiza mmoja, wanakula pale kwenye maegesho, wanalia, wanapiga picha, wanarudi.

Mama akasukuma sahani yake, imejaa vilevile.

"Nimeshiba," akasema. Akaenda chumbani.

"Lola anaumwa?" Venla akaniuliza.

"Haumwi."

"Basi amechoka. Tumwache apumzike."

Nikaanza kukusanya sahani. Nilidhani ni jambo la jioni moja tu.

Kumbe! Alhamisi mama alisusa kwa nguvu zake zote. Ndala ziliburuzwa mpaka nikadhani sakafu itatoboka. Kabati lilifunguliwa na kufungwa. Paka aliambiwa kwamba siku hizi watu wanakaa nyumbani kwako, wanalala kitandani kwa binti yako, halafu wanaondoka kwa gari la kukodi kama wametoka hotelini. Paka mwenyewe alichoka akatoka nje. Na kila mama alipoguna, Venla alifanya nini? Alinyata. Alipita kwa vidole. Alianza kula peke yake, jikoni, asimbughudhi. Kitanda cha mfumi akaacha kukikaribia. Na asubuhi akapika kahawa, akaweka kikombe sakafuni nje ya mlango wa chumba cha mama, na kisahani juu kisiingie nzi. Hakubisha hodi. Akaondoka.

Mama akafungua, akakiona. "Ananiwekea mlangoni kama paka," akaniambia. Lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Si umwambie, Nay! Mtoto hajui. Huko kwao hawasusi."

"Hakuna binadamu asiyesusa."

"Basi nimwambie mimi. Nimwambie, nenda kambembeleze bibi yako, umbishie hodi, mwambie Lola tafadhali nisindikize. Kesi imekwisha."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Ukimwambia, mimi si mama yako. Akija kwa kutumwa simtaki. Kubembelezwa kwa kutumwa ni kama kuombewa msamaha na mtoto aliyechapwa. Naapa kwa Bikira Maria, Gilda, funga mdomo wako."

Na mimi nikaufunga, kwa sababu najua kidonda kiko wapi.

Marivic alipopata kazi ya nje alituficha mpaka karatasi zote zikawa tayari. Alikuwa anamhurumia mama. Mama akasusa, na ile susa ilikuwa mama wa susa zote. Asubuhi ya safari alijifungia chumbani. Gari la kampuni likaja, dereva akapiga honi. Marivic akaenda mlangoni kwa mama, akabisha. "Nay, hodi. Naondoka." Kimya. Dereva akapiga honi tena. Marivic akachukua begi lake, akatoka huku analia, na mimi nikamfuata mpaka getini.

Wameshapatana zamani. Marivic amekuja likizo, wamekumbatiana, wamelia, wamecheka. Lakini kuna siku mama aliniambia, tunachambua dengu, bila mimi kumuuliza, "Nilikuwa nimeshashika kitasa, unajua. Nilikuwa nasubiri hodi ya pili." Tangu hapo hakuna mtu anayesafiri kutoka mtaa wetu mama asimsindikize. Watoto wa majirani, wakwe wa majirani, hata padri alipohamishwa, na padri mwenyewe alikuwa hampendi.

Kwa hiyo Alhamisi jioni nilijaribu njia za pembeni. Nilimkuta Venla ameketi ngazini, anakunja nguo zake kwa utaratibu wake ule.

"Lola hajala," nikamwambia.

"Ndiyo. Ninasikitika."

"Hajala tangu jana. Kwangu hali, kwa mtu mwingine labda angekula."

"Manang," aliniita hivyo, dada mkubwa, "nafikiri anahitaji utulivu." Akakunja shati moja. "Ninajua amekasirika. Mimi si mjinga. Lakini kwetu mtu akinyamaza hatumfuati. Babu alipofariki, baba yangu alikaa kwenye kibanda kando ya ziwa, wiki nzima. Hatukubisha hodi. Mama aliweka tu kahawa nje ya mlango. Baba husema mpaka leo, hakuna aliyewahi kumpenda kama wiki ile."

Haya, mtu kama huyo unamwambia nini? Nilitaka kumtikisa na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Hapa hamna ziwa, Inday." Akanitazama, akafikiri, akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa ndipo mama alipopitiliza. Asubuhi nilisikia kitanda cha mfumi kinagonga, nikajua anamaliza patadyong. Nikafurahi, nikadhani moyo umelainika. Akaikata, akaikunja, akaja nayo jikoni. Venla alikuwepo, anaosha kikombe chake. Mama akapita mbele yake kama anapita mbele ya nguzo, akanitupia kitambaa mapajani.

"Kesho peleka sokoni ukauze," akasema. "Haina mwenyewe hii."

"Nay!"

"Haina mwenyewe. Na umwambie mnunuzi ina kasoro, kuna mstari umepinda."

Kikombe kilimponyoka Venla kwenye beseni la maji, hakikuvunjika. Alisimama pale mikono inachuruzika maji, uso umebadilika, mweupe halafu mwekundu. Akatazama kitambaa. Akamtazama mama. Nikangoja aseme kitu, lolote, hata kwa kitabu chake. Akafuta mikono taratibu, akaenda kwenye chumba cha Marivic, alimokuwa analala, na mlango ukafungwa. Ukafungwa kwa kishindo, na binti yule tangu aje alikuwa anafunga milango kama anamfunika mtoto mchanga.

"Umefurahi?" nikamwambia mama.

"Sijasema naye mimi. Nimesema na wewe."

Mchana Venla hakutoka. Nikamwita kula. "Asante, sina njaa," akajibu kutoka ndani. Nikarudi kibandani kwangu, wanafunzi wamejaa wanadai supu. Jioni nikamwita tena. "Sina njaa." Mama alikuwa ameketi mezani, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, kijiko mkononi, hali.

Jumamosi asubuhi nikapika tena mbaazi na fenesi. Kama ni kuondoka basi aondoke na chakula chake, hata kama hakuna atakayezungumza. Meza ikaandaliwa. Chumba cha Marivic kimya. Nikamsikia Venla anaburuza begi, akaacha. Mama akaanza kuhangaika na kitambaa cha meza.

"Hajala tangu jana," akasema.

"Hajala."

"Ana homa? Nenda kamguse paji la uso. Wazungu hawajui kusema wakiumwa."

"Hana homa, Nay. Kasusa."

Mama akanikazia macho. "Nini?"

"Kasusa. Si unaona? Kajifungia, kapiga mlango, anasema hana njaa. Kasusa kama wewe, kwa ufundi uleule. Kama vile umemzaa."

Jamani, laiti mngeuona uso wa mama yangu. Mwanzo alishangaa. Kisha kitu kikaanza kufunguka kwenye midomo yake, akajitahidi kukizuia, kikamshinda.

"Kanisusia mimi?"

"Si wewe, nani mwingine?"

"Yesu na Maria! Kanisusia!" Akainuka kwa kasi ambayo sijaiona kwake tangu ujana wangu. "Mpaka amevimba hivi, maana yake... Gilda, umekaa unanitazama nini? Pakua! Wali zaidi. Fenesi weka, anapenda fenesi. Si hilo lenye nyuzi! Ondoa hilo. Patadyong yangu umeiweka wapi?"

"Si umesema nikauze?"

"Nitakuchapa na uzee wako huo. Ilete!"

Akaenda na sahani mkono mmoja na kitambaa begani, mpaka mlango wa chumba cha Marivic. Hapo akasimama. Mimi nilibaki nyuma, taulo la jikoni mkononi. Ghafla nikakumbuka kwamba maisha yake yote yeye amekuwa upande wa ndani wa mlango. Nje hajawahi kusimama.

Akabisha. "Inday, hodi."

Kimya.

"Inday. Nimekuletea chakula."

"Asante, Lola," sauti ikatoka ndani, imeziba pua kwa kulia. "Sina njaa."

Na wakati huohuo, kwa nuksi ya Mungu anayependa mzaha, honi ikalia getini. Lile gari dogo la kukodi. Lilikuwa limewahi mno. Mama akageuka akanitazama, na nikaona hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake. Ndani tukasikia begi linanyanyuliwa.

Honi ikalia tena.

Mama akaweka sahani sakafuni. Akabisha mara ya pili, si kwa kidole, kwa kiganja kizima. "Inday! Hodi! Hodi, mwanangu! Mimi mzee mjinga. Kitambaa ni chako, kilikuwa chako tangu uzi wa kwanza. Mstari ule uliopinda mimi naupenda kuliko yote niliyonyoosha. Unaniambia nisijisumbue? Nani kakwambia wewe ni usumbufu? Nataka kusumbuka! Umeninyima kusumbuka, ndiyo maana nimekasirika. Hata ukiondoka na gari lako hilo, nitapanda juu ya paa. Fungua ule kidogo tu. Kijiko kimoja. Kwa ajili yangu."

Mlango ukafunguka mara moja. Alikuwa ameshashika kitasa, nawaambieni. Macho yamevimba, nywele timutimu, adabu imekwenda zake. Akainama kumkumbatia mama, na kwa urefu wake ikabidi ainame sana, na mama akamlilia kifuani na kumpiga ngumi ndogondogo mgongoni, wote wawili wakisema kwa pamoja maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Sahani ikapigwa teke. Hakuna aliyejali. Mimi nikalia kwenye taulo la jikoni lenye harufu ya vitunguu, kwa hiyo nina kisingizio.

"Lola, tafadhali nisindikize," Venla alisema mwishowe. "Nataka watu wote waje. Nataka na mwalimu wa kwaya."

Mama akajifuta uso, akamfunga binti patadyong kiunoni juu ya suruali yake ya safari, akavuta akakaza. Kisha akatoka mpaka getini kwa yule dereva, kijana wa watu, hana kosa.

"Rudi ulikotoka," akamwambia. "Huyu ana wenyewe."

Tulikwenda na gari la Manong Esoy, tumejaa. Venla alikaa kati yangu na masufuria, anakula wali kwa mkono. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unamwigiza Lola, siyo? Sema ukweli."

Akatikisa kichwa. "Sikuwa naigiza, Manang. Niliumia. Nilifunga mlango ili niwe peke yangu, kama kwetu. Halafu nikaona sitaki kuwa peke yangu. Nilikuwa nasubiri mtu abishe tena." Akatafuna kidogo. "Sikujua kama nina kitu hicho ndani yangu."

"Kila mtu anacho. Lola alisema."

Uwanjani tulitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta wa maegesho, tukafungua masufuria, kama watu wenye akili zao. Tulikuwa katikati ya chakula wakati Venla aliposema lazima aingie, foleni imeanza. Mlangoni askari haruhusu asiye na tiketi. Akatuaga mmoja mmoja, kwa mama akakaa zaidi, kisha akaenda, mrefu kuliko watu wote, patadyong imemfunga, bila kugeuka kwa sababu mama alimkataza kugeuka.

"Sahani!" mama akapiga kelele.

Tukazungusha sahani zetu wote, kila mmoja ya kwake, kama inavyotakiwa mtu akiondoka wenzake bado wanakula, ili afike salama. Manong Esoy hakuwa na kitu cha kuzungusha, ameshamaliza na sahani kaitupa. Mama akamvua kofia akamlazimisha azungushe kofia.

Njia ya kurudi alikuwa mchangamfu, anaimba na mwalimu wa kwaya. Nikajisemea, afadhali. Lakini tulipofika nyumbani akaona kile kikombe cha kahawa kimeinamishwa jikoni, kimekauka. Akakichukua, akakishika. Akaingia chumbani. Nilipopasha chakula cha jioni nikamwita.

"Sina njaa."

Sasa huyu anamsusia nani tena? Nikaketi mezani na sufuria, mimi na paka. Simu ikalia. Venla, yuko Manila, anasubiri ndege ya kwenda kwao, kelele za watu nyuma.

"Manang, mmefika? Lola yuko wapi?"

Nikaenda nayo mlangoni kwa mama. "Nay, Venla huyu."

"Mwambie nimelala."

"Amelala," nikasema kwenye simu, na moyo ukaniuma, kwa sababu namjua binti yule. Ukimwambia mtu amelala, atanyata hata akiwa Manila.

"Ah. Sawa," akasema Venla. "Usimwamshe, tafadhali. Usiku mwema."

Simu ikakatika. Ndani ya chumba sikusikia kitu, hata mguno. Nikasimama pale nikiwakasirikia wote wawili, mmoja kwa adabu yake, mwingine kwa kiburi chake, na mimi mwenyewe kwa kuwa sijui kubembeleza. Nikanyanyua mkono nibishe, nijaribu mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Simu ikalia tena.

"Manang," akasema Venla, anahema kama mtu aliyekimbia, "Lola halali saa hizi. Najua. Mpe simu. Mwambie nabisha."

Sikupata hata nafasi ya kumwambia mama kitu. Mlango ulikuwa umeshafunguka, na mkono wake ukaninyang'anya simu sikioni.

"Unataka nini, kunipigia kelele usiku wote huu?" akasema, na jua ndiyo kwanza limezama. "Umekula? ... Huna njaa? Wee! Nani kakufundisha ujinga huo? Nenda kale sasa hivi... Mimi? Mimi sina njaa, mimi mzee... Usinitishe. Haya. Haya, tuanze pamoja basi. Ngoja."

Akafunika simu kwa kiganja, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha.

"Umesikia? Mtoto hali mpaka mimi nile. Pakua, Gilda. Na fenesi weka."